Indiketa Zilizowaka Mchana

Mradi wetu wa mwaka wa mwisho ulipita. Nalisema hilo mapema ili mtu asikae akilingoja. Wahadhiri walibonyeza vitufe, wakauliza maswali yao ya kujionyesha, wakatupa alama nzuri. Kwao ilikuwa ni saketi ya kuwasha taa za gari bila waya: kisanduku kimoja karibu na dereva, kingine chini ya boneti, na redio ndogo ya kuvipatanisha. Mimi niliijenga kwa sababu ya mkono wa baba, na hilo sikuliandika popote kwenye ripoti.

Baba alipatwa na stroki akiwa anakatia ng'ombe majani, nyumbani kwetu upande wa Wamagana. Alipotoka hospitalini Nyeri mjini, mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na mguu wa upande huo anauburuta. Mguu alisema utapona. Mkono hakuusema kabisa. Alichokisema, kila nilipokuja nyumbani wikendi, ni kwamba pikapu inamshinda kwa sababu ya taa tu. Usukani ataushika kwa kushoto, gia ni za kushoto vilevile, lakini kile kijiti cha indiketa na taa kubwa kiko kulia, na kulia hakuna mtu.

Nilijua anajidanganya. Mguu wa breki ni ule ule anaouburuta, jamani, nani asiyejua hilo? Lakini nilikuwa nimechoshwa na watu wa kwetu. Walikuja kumsalimia wakizungumza na mama badala yake, wakiuliza amekula, amelala vipi, na yeye ameketi pale pale anawatazama. Mzee mmoja wa kanisa alisema baba alikuwa dereva mzuri sana. Alikuwa! Nilitoka nje nikaenda kusimama kwa ng'ombe, maana ningebaki ningemjibu vibaya. Jumatatu yake nikamwambia mwenzangu wa mradi tuache ile mita ya maji tuliyokuwa tumepanga, tufanye taa.

Mwenzangu alikuwa kijana wa Mwea, mpole, mkono wake wa kuchomelea solda umetulia kuliko wangu. Aliuliza kwa nini taa. Nikamweleza. Akasema vitufe viwe vikubwa basi, na vikae upande wa kushoto.

Kwa hiyo Jumamosi moja tukapanda naye hadi nyumbani, saketi imefungwa ndani ya kopo la siagi. Mpango ulikuwa mmoja: tufunge, tujaribu, halafu baba aiendeshe pikapu kutoka bandani hadi langoni, mimi nikiwa kando yake na mkono juu ya breki ya mkono. Hadi langoni tu. Mama alisema ni wazimu, lakini asubuhi hiyo nilimkuta akimpigia baba pasi shati la kola. Baba alikuwa amenyolewa. Aliniita mama, kama kawaida yake, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake mzazi, akaniuliza kama nimeangalia maji ya betri.

Tuliisukuma pikapu ikatoka bandani, tukaisimamisha ikiangalia barabara. Taa kubwa zikawaka kwa kitufe. Indiketa ya kushoto ikawaka, ya kulia ikawaka. Baba, aliyekuwa kwenye kiti uani, alibonyeza mwenyewe kwa kidole gumba cha kushoto na akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu augue. Kisha akabonyeza kitufe cha hazadi, indiketa zote zikaanza kupepesa pamoja, na hazikuzima tena.

Rilei, ile swichi ndogo ya umeme inayowasha na kuzima taa, ilikuwa imeganda. Tulibonyeza, tukagonga kopo, wapi. Mwenzangu alisema tukichomoa betri tutapoteza dalili ya tatizo, afadhali tupime ikiwa inawaka, nami nikakubali. Tukainama chini ya boneti na mita yetu, tukasahau dunia. Baba alichoka kukaa, mama akamwingiza ndani ajinyooshe kidogo kabla ya kuendesha.

Sasa, kwetu kuna jambo ambalo mgeni hawezi kulijua, na mimi mwenyeji sikulikumbuka. Mtu wa kilima chetu akifa, mwili huletwa kutoka mochari ya Nyeri kwa pikapu ya baba. Ndiyo iliyobeba karibu kila maiti tangu nikiwa mdogo, indiketa zote zikipepesa mchana kweupe, njia nzima, hadi kaburini. Hakuna siku nyingine pikapu ile huwasha zote mchana. Na ng'ambo ya bonde watu walikuwa wakichuma chai, wanatuona vizuri: pikapu nje ya banda, inaangalia barabara, inapepesa, kijana mgeni mwenye shati jeupe amesimama kando, na mwenye gari haonekani.

Wa kwanza kufika walikuwa akina mama wa kanisa. Sikuwaona, nilisikia wimbo. Ulikuwa ule wa polepole wanaouanzia langoni wakiingia nyumba yenye msiba. Niliinua kichwa nikawaona wamefunga leso kiunoni, wawili wana kuni mgongoni, na sufuria kubwa ya kupikia watu wengi imebebwa na wanne. Nyuma yao jirani yetu, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, anasukuma mkokoteni wenye hema na vyuma vyake. Mmoja wa wale mama alinikumbatia kabla sijafungua mdomo. Alikuwa analia kwelikweli. Alinukia moshi na majani chai, nami nilishindwa hata kumsukuma.

Baba akatokea mlangoni na fimbo yake, shati la kola limekunjika kwa kulala.

Wimbo ulikatika sauti moja moja. Mama mmoja aliyekuwa amefumba macho aliendelea peke yake mpaka mwenzake akamgusa. Mwenzangu wa Mwea akainama akachomoa waya wa betri, na indiketa zikazima. Mama yangu alicheka, halafu kile kicheko kikamgeukia kilio, akaingia jikoni akijifuta na aproni. Nilijaribu kueleza: ni mradi, ni rilei, imeganda. Nilijisikia mjinga nikilitaja neno rilei mbele ya watu waliobeba kuni.

Wangecheka pengine, na siku ingepita ikawa hadithi ya kusimuliana harusini. Niliona wengine wanaanza kutabasamu. Lakini baba hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anaangalia vitu. Aliangalia sufuria, akaangalia kuni zilizopasuliwa zikakauka vizuri, akaishia kwenye mkokoteni.

"Hii hema mmetoa wapi haraka hivi?" akamuuliza jirani.

Jirani ni mtu asiyejua kusema uongo. Alisema imekuwa kwake, kwenye stoo.

"Tangu lini?"

"Tangu ulazwe."

Nilitaka kumrukia yule mzee nimkabe, na wakati huohuo nilijua amejibu tu alichoulizwa. Hema hukaa kwa karani wa kanisa, mbali, kule kwenye soko. Walikuwa wameisogeza. Walikuwa wamekaa kikao, wamepasua kuni, wamekubaliana nani atabeba nini, wakarudi majumbani kwao kungoja, na siku zote hizo walikuwa wakija kutusalimia.

Baba aliwaambia waketi. Alimwambia mama apike chai, atumie kuni zao. Wakanywa kwa adabu, wakazungumza habari za maziwa na mvua, na hakuna aliyethubutu kuaga mapema. Mimi nilisimama kando ya gari nikingoja aniite twende hadi langoni. Nilikuwa bado naingoja ile safari. Nilikuwa nimeshamwambia mwenzangu abadilishe rilei na alikuwa ameibadilisha, kila kitu kilikuwa kinafanya kazi.

Vikombe vilipokusanywa, baba aliuingiza mkono wa kushoto mfukoni, kwa shida, akatoa ufunguo wa pikapu na kumnyooshea jirani.

"Klachi yake ni nzito," akasema. "Anza kujizoeza sasa, usije ukanirusharusha siku hiyo."

Jirani aliupokea kwa mikono miwili. Nilisema, "Baba, hapana," akanijibu bila ukali, "Wacha, mama."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kanisa, jirani alikuja kujizoeza. Baba aliketi mlangoni akisikiliza gia zikikwaruzwa hadi barabarani, na hakumwita kumrekebisha.