Mihogo ya Chini Kabisa

Niliutaka ualimu ule kwa moyo wote. Kituo kimoja hapa mjini Baraka kilikuwa kinatafuta mtu wa kuwafundisha akina mama Kiingereza, na jaribio lilikuwa hili tu: ufundishe neno moja mbele ya mkuu wa kituo mpaka darasa lielewe. Mimi nikapewa neno thorough. Kamusi yangu ya Kiingereza na Kifaransa ilikuwa imelieleza kwa maneno magumu kuliko lenyewe.

Nikaliandika ubaoni, nikasema maana yake ni kufanya jambo lote. Mama mmoja wa kijiji cha Lweba akanikatiza.

"Kama iko yote, si tulishajua all? Hii ingine ni ya nini?"

Darasa likacheka, mkuu akatazama saa yake. Nilikasirika, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe, maana mama yule alisema kweli.

Nikafuta ubao. Nikauliza nani ameloweka mihogo majini wiki hii, mikono ikapanda pote.

"Kutia mihogo yote mu mayi, ile ni all," nikasema. "Sasa utajua namna gani kama imelainika?"

"Unaiminya!"

"Unaminya ya juu tu?"

"Moja-moja!" wakanijibu, karibu wanigombeze. Nani asiyejua kwamba ya juu inaweza kuwa laini na ya chini bado ngumu, na sumu yake ikamuua mtoto? Mama yangu alikuwa akizamisha mkono mpaka begani, mhogo kwa mhogo, sisi tukimlilia njaa naye asitusikilize.

"Basi mama anayeminya mpaka ya chini kabisa, ule iko thorough. Na kazi yake vilevile."

Nikataka kila mmoja atunge sentensi yake. Wakatunga, tukasahihishana, tukacheka. Mkuu akasimama.

"Dada, saa imeisha. Tumeona."

"Bado mama mumoja," nikasema. Alikaa nyuma, mkimbizi wa Burundi kutoka kambi ya Lusenda, na hakuwa amefungua kinywa. Nilijua kazi inaweza kuniponyoka. Lakini ningefundishaje neno lile halafu nimruke mtu?

Akainuka polepole. "I am thorough," akasema, kisha akageukia Kiswahili. "Tulifika kambini na njaa. Bengine balipika mihogo mbio-mbio. Mi niliminya yote. Batoto bangu bote beko bazima."

Hakuna aliyecheka. Mkuu akaketi tena.

"Mwalimu," akaniambia, "utaanza kesho."