Sala Ndefu ya Siku ya Mkaguzi

Mimi ni mtu wa mdomo. Wauza omena, dagaa wetu wa ziwani, pale soko la Kibuye wananijua. Nikikitupia kipimo chao jicho tu, wanaongeza kabla sijasema. Ndiyo maana baba yangu alipoanguka kutoka juu ya lori alilokuwa akilichomea bodi na uti wa mgongo ukaumia, mambo ya bima niliachiwa mimi. Kaka yangu ana nguvu, mimi nina maneno, na tena nilisoma Chuo Kikuu cha Maseno. Nyumbani hiyo ilitosha kunifanya wakili.

Baba alikuwa amelipia bima ya ulemavu tangu nikiwa shule ya msingi. Masharti yalikuwa wazi: akishindwa kusimama bila msaada, kampuni itamlipa kila mwezi maisha yake yote. Malipo hayo ndiyo yangemweka Nyamasaria, mtaani kwetu Kisumu, karibu na hospitali na mtaalamu wa kumnyoosha viungo. Bila hayo angerudi kijijini kwetu ufuoni mwa ziwa, ambako yuko leo, na hakuna wa kumnyoosha hata kidole. Daktari alikuwa ameshaandika kwamba hawezi kusimama. Ilibaki mkaguzi wa kampuni aje nyumbani ajionee.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Kwetu mwenye nyumba hampokei mgeni akiwa ameketi, labda awe hajiwezi kabisa kitandani, na Baba hakutaka kuwa huyo. Asubuhi ile alisema hatampa mtu mkono kutoka kwenye kiti. Ningepaswa kumkatalia. Badala yake nilipiga pasi shati lake la kanisani, nikamwambia kaka yangu asimame nyuma yake amshike mshipi chini ya koti. Nilitaka tuonekane watu. Nilidhani mkaguzi akikuta nyumba yenye heshima zake atatuamini zaidi.

Aliingia kijana mpole, faili kwapani. Baba akampa mkono akiwa wima. "Karibu sana, hapa ni kwako," akasema, na sauti haikutetemeka. Nikaona jasho linamtiririka, nikasema haraka tuombe kwanza, maana kwetu mgeni haketi kabla ya sala. Nilimwombea mgeni, nikaiombea kampuni yake, nikawaombea wagonjwa wote wa Kisumu, huku nikimsikia kaka yangu akimteremsha Baba kitini polepole. Niliposema amina, mkaguzi alifungua macho akamkuta mzee ametulia, mikono magotini.

Alipoondoka tulicheka mpaka tukashika mbavu. Hata Baba alitabasamu. Nikikikumbuka kicheko kile naona aibu hadi leo.

Barua ikaja: dai limekataliwa, kwa kuwa mwenye bima alisimama mwenyewe kumpokea mkaguzi. Niliwaka. Niliandika malalamiko kwa Kiingereza kikali kuliko vyote nilivyotoka navyo Maseno, nikamwita yule kijana mwongo. Hakuwa mwongo. Aliandika alichokiona, na alichokiona tulimtengenezea sisi.

Kampuni ilikubali kesi yetu isikilizwe na mpatanishi wa kutoka nje, mama mmoja mtulivu, katika chumba cha mikutano mjini. Kila upande uliruhusiwa watu wawili tu, kwa hiyo kaka yangu alimsukuma Baba hadi ndani kwenye kiti cha magurudumu tulichoazima kanisani, kisha akatoka. Njiani nilikuwa nimeazimia kusema yote, mshipi na sala. Mpatanishi alituelekeza vizuri. Ikithibitika kwamba mzee alishikwa siku ile, dai litafunguliwa upya papo hapo. Isipothibitika, pande zote zitatia sahihi, na hakuna pa kurudi tena.

Kisha akamgeukia Baba. "Mzee, siku hiyo ulisimama mwenyewe ama kuna mtu alikushika?"

Baba alimtazama mkaguzi aliyeketi upande wa kampuni, kijana aliyeweza kuwa mwanawe wa mwisho. "Nilisimama mimi mwenyewe."

Mama yule akaweka kalamu chini, akaniangalia mimi. "Na wewe, dada, unasema aje?"

Nilifungua kinywa. Baba alikuwa ameinua kidevu. Tangu aanguke sikuwa nimemwona akikaa vile. Nikawaza kwamba nikisema tulimshika kwa mshipi, nitakuwa nimemvua nguo baba yangu mbele ya watu. Nikasema, "Ni vile mzee amesema."

Karatasi zikaletwa. Baba alitia sahihi taratibu, herufi kwa herufi, nami nikatia kama shahidi wake.

Nje, kaka yangu alikwenda kutafuta tuktuk. Nilibaki na Baba kivulini kando ya ukuta, nikimfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka. Nilikuwa na huzuni, lakini nilijiambia kwamba angalau heshima yake nimeilinda.

"Nyara," akaniita. Ndivyo anavyoniita siku zote, yaani "binti yangu" kwa Kijaluo. "Mbona ulinyamaza?"

"Si ni wewe ulisema ulisimama, Baba?"



"Mimi ndio mwenye nyumba," akasema. "Hiyo maneno siwezi sema na mdomo yangu mbele ya mgeni. Nilikuwa nangoja wewe useme."