Usimuulize Mgonjwa Mbele ya Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa mgonjwa. Matroni, mkuu wetu wa wauguzi, alinikalisha kwenye kigoda kando ya mama mmoja aliyepasuliwa tumbo. "Kaa hapo. Usimuulize kitu. Baadaye utaniambia anaumwa kiasi gani." Nilikaa hadi miguu ikafa ganzi, nikaenda kuripoti: "Matroni, amepumzika vizuri."

"Amepumzika? Vidole vya miguu kavikunja, anapumua juu juu, shuka kalishika kwa ngumi mbili! Macho yako umeyaacha chuoni?"

Nilimchukia Matroni yule. Leo namwombea dua, maana alinifundisha kazi.

Nikapelekwa zahanati ya Kikole, kisha Njinjo. Huko Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alikuwa na neno lake: "Watu wetu hawalii, Sista. Ukingoja kilio utazika." Na kweli. Mkulima anakuja na jipu la wiki mbili, unamuuliza hali, anakujibu alhamdulillahi, tena anakuuliza watoto wako hawajambo. Basi nikajifunza kutazama mtu anavyokaa, anavyogeuka, anavyokitazama chakula. Nikimpa dawa ya maumivu, narudi baada ya nusu saa kuona kama imefanya kazi. Hakuna aliyeniambia hiyo ni sayansi. Ilikuwa kazi tu.

Miaka yangu ya mwisho niliimalizia wodi ya wanaume, hospitali ambayo siitaji. Wakati huo kilikuwa kimeshaingia kipimo cha maumivu: mgonjwa anataja namba, sifuri maana yake haumwi, kumi maana yake hawezi kuvumilia tena. Sikikatai. Ninachokataa, na nitakikataa mpaka naingia kaburini, ni mwanafunzi kusimama miguuni mwa kitanda na kuuliza namba kama karani wa korosho anayesoma mizani!

Akaletwa Mzee Saidi kutoka Njinjo. Alikuwa anapogoa mkorosho, akaanguka, akavunjika mguu chini ya goti. Akafungwa hogo, ile plasta ngumu ya kushikilia mfupa. Wanawe wa kiume walikuwa mbali, kwa hiyo aliyemuuguza alikuwa mkwewe, mume wa binti yake mkubwa, kijana mwenye adabu zake, hatoki kando ya kitanda.

Mwanafunzi wetu Rehema, mwaka wa mwisho, mwandiko mzuri, akaja na chati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Maumivu yako ni namba ngapi? Sifuri mpaka kumi."

Mkwe yupo hapohapo, ameshika bakuli la uji. Mzee akatabasamu. "Aa, hakuna kitu. Sifuri."

Rehema akaandika sifuri. Dawa hakumpa. Mchana sifuri, jioni sifuri. Wa zamu ya usiku walipoziona sifuri, wakanakili. Jamani! Mtu kavunjika mguu leo, maumivu sifuri, na hakuna aliyeshtuka?

Asubuhi nikapita kitandani kwake. Jasho linamtiririka, midomo imekauka. Nikamgeukia yule mkwe, "Baba, hebu niletee maji ya moto jikoni." Alipotoka nikamwinamia mzee. "Katoka. Niambie."

Akajifunika shuka usoni, akalia. "Mguu unaniua tangu jana, mwanangu. Ningelia mbele ya mume wa binti yangu? Ningemtazama vipi tena?"

Nikashika vidole vya mguu. Baridi. Hogo likibana, nyama inavimba humo ndani na damu haipiti, na kengele ya kwanza ni maumivu yanayozidi. Ile kengele ilikuwa imelia siku nzima, sisi tunaandika sifuri. Daktari akalikata hogo mbio mbio, lakini tulichelewa. Siku ya tatu mguu ukakatwa.

Rehema alilia. "Sista, alisema mwenyewe! Tumefundishwa tuandike anachosema mgonjwa."

Nikamfuata mkufunzi wake. Nikamwambia, umewafundisha kuuliza, mbona hukuwafundisha nani atoke kwanza? Akanijibu kwa utulivu kabisa, "Mtaala hauna kipengele cha wakwe." Loo! Nikamuuliza huo mtaala ulizaliwa wapi usiwe na wakwe. 

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Rasbura. Wanafunzi hunijia, nawaambia: toeni watu kwanza. Keti, usisimame. Gusa vidole. Ukiambiwa sifuri na mtu aliyevunjika mfupa, usiamini, uliza tena. Wanayaandika kwenye simu zao, wananiuliza, "Bibi, mbona una hasira hivyo?"

Kwa sababu chati ya mwanafunzi haisimami peke yake. Muuguzi mkuu wa zamu anatakiwa aende kwa mgonjwa, amtazame kwa macho yake, ndipo asaini. Siku ile mkuu wa zamu nilikuwa mimi. Nilikuwa ofisini napanga ratiba ya likizo. Rehema aliniletea chati mara tatu, na mara tatu nilisaini bila kuinua kichwa. Nikamwacha yeye aondoke na lawama yote, binti wa watu, nami nikamkaripia mkufunzi kana kwamba mikono yangu ni safi.

Siku ya kuruhusiwa, Mzee Saidi alikuja mpaka mlango wa ofisi yangu kwa magongo, mkwewe nyuma yake.

"Sista, Mungu akulipe. Wote walipita, wewe peke yako ndiye uliyenitazama."

Nikaitikia amina.