Santuri ya Badru na Nyundo ya Baba Yake

Bi Tunu wa Mtoni aliishi ndani ya kelele tangu siku aliyoolewa. Mumewe, Mwinshehe, alikuwa fundi bati. Alitengeneza majiko na ndoo palepale barazani, karibu na Barabara ya Kilwa, na kutwa nzima nyundo yake ililia ko, ko, koo. Bi Tunu alilalamika miaka yote. Mwinshehe alipofariki, wakati maduka yameanza kujaa mali za Dubai na kila mtu anasema sasa ni ruksa, nyumba ikanyamaza mno. Mama wa watu akawa anafungua redio asubuhi hata kabla hajanawa uso.

Chumba cha uani alikipangisha kwa Theonest, mwalimu wa hesabu kutoka Bukoba, na mkewe Kokushubila. Mwalimu alikuwa na pleya ya santuri aliyoitunza kama mtoto mchanga, na pembeni yake redio kaseti ya mikanda miwili.

Basi mwanawe Bi Tunu, Badru, aliyekuwa baharia, akarudi likizo kutoka Ulaya na zawadi: pasi ya umeme, mablanketi, na santuri moja yenye picha ya ngazi isiyofika popote.

"Nimeinunua kwa sababu ya hiyo picha," alimwambia mama yake. "Muziki wenyewe mie sijausikia."

Jumapili mchana, Mwalimu na mkewe walipotoka kanisani, wakakusanyika wote chumbani kwao. Mwalimu akaifuta santuri kwa kitambaa, akashusha sindano.

Mlango ukabamizwa. Bi Tunu akageuka kutazama nani kaingia. Hakuna mtu. Ukabamizwa tena, na tena, kwa mpangilio, kisha likafuata gari linalokataa kuwaka, chupa ikapasuka, mwanamke akaanza kusema neno na hakulimaliza, akalianza upya, akalianza upya. Chini ya vurugu yote hiyo kinanda kikawa kinapita taratibu, kitamu kama maji ya dafu, na kijana mmoja anaimba kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mgonjwa.

Badru aliona haya. "Jamani, nimeuziwa mbovu. Imekwaruzika hii."

Mwalimu akainua sindano, akaikagua santuri kwenye mwanga wa dirisha. "Haina hata mkwaruzo."

"Rudisha sindano, Mwalimu," alisema Bi Tunu.

Wakamtazama. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono imeshika magoti, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitali. Walipoisikiliza mara ya pili hakushtuka mlango ulipobamizwa. Mara ya tatu mguu wake ulikuwa unaufuata.

Mwalimu alisoma maandishi ya nyuma ya jalada, akaeleza. "Hawa, Mama Badru, hawana mpiga ngoma. Wanachukua sauti yoyote, mlango, gari, mtu anaongea, wanaiingiza kwenye mashine yenye vitufe kama kinanda. Ukibonyeza, mlango unafungwa."

"Mlango wa kweli?"

"Wa kweli kabisa. Ulifungwa siku moja mahali fulani. Sasa unafungwa kila wanapotaka."

"Subhanallah," alisema Bi Tunu, na sauti ilimtoka ndogo. Kisha akauliza, "Hata kama aliyeufunga hayupo tena?"

Mwalimu akaliweka jalada chini. "Hata kama hayupo."

Bi Tunu akainuka, akaenda chumbani kwake. Alirudi na kaseti.

Badru hakuwahi kuiona. Watu wa nyumbani waliirekodi zamani kumpelekea salamu ughaibuni, lakini haikutumwa, kwa sababu Bi Tunu aliona imeharibika. Kila aliposema "mwanangu," nyundo ilimkatiza. Alimwita mumewe aje aseme neno kwa mwanawe, naye Mwinshehe, kazi ikiwa imemshika, akajibu kutoka barazani, "Nakuja!" Hakuja. Mkanda ukaisha.

"Nilimnunia siku nzima," alisema Bi Tunu. "Mwalimu, na hii inawezekana?"

Mashine ya vitufe hawakuwa nayo. Ila Kokushubila, aliyekuwa na mkono mwepesi, alikaa mbele ya redio ya mikanda miwili: ananakili kipande, anasimamisha, anarudisha nyuma, ananakili tena kipande kilekile. Alikosea mara nyingi. Mkewe akikosea, Mwalimu anatikisa kichwa. Akipatia, Badru anapiga paja. Jua lilikuwa limehamia dirisha la pili alipobonyeza kitufe na kusema, "Haya, mama."

Ko, ko, koo. *Nakuja.* Ko, ko, koo. *Nakuja.* Ko, ko, koo.

Nyundo ile, iliyoharibu salamu, ilikuwa inatembea kwa mwendo sawa, haina haraka, na sauti ya Mwinshehe ikiingia juu yake, changamfu, ya mtu asiye na wasiwasi kwamba atafika. Badru aliinamisha kichwa. Bi Tunu alicheka kwanza, halafu akajifunika uso kwa kanga.

"Si vibaya kumwita marehemu hivi?" aliuliza akiwa ndani ya kanga.

"Hatukumwita sisi," alisema Kokushubila. "Ulimwita wewe, naye akaitika."

Bi Tunu akafunua uso. "Kumbe alikuwa akipiga vizuri hivi," alisema. "Miaka yote ile."

Badru alirudi melini na nakala ya kaseti hiyo. Santuri alimwachia Mwalimu.

Baadaye mwaka ule Bi Tunu alivuka kwenda Kigamboni na mdogo wake, Naima. Pantoni ilipofika, mlango wake wa chuma ukashuka ukikwaruza zege, minyororo ikalia, baiskeli zikagongana, muuza karanga akaita. Naima akaanza kushuka. Dada yake akamshika mkono.

"Nini, dada? Unaumwa?"

"Nyamaza kwanza. Sikiliza."

Naima, kwa heshima ya mkubwa, akanyamaza. Wakasimama wawili, watu wakiwapita pembeni, mpaka mfanyakazi wa pantoni akawafokea washuke.