Mkate Uliokosa Chumvi

Bibi alipokuja kukaa kwetu Garsen alikuja na jembe, kuku wawili waliofungwa miguu, na mbegu zilizofundikwa kwenye pembe ya leso. Nguo aliziacha. Mto ulikuwa umeingia nyumbani kwake, upande wa Golbanti, na waliomfuata kwa mtumbwi walimkuta juu ya kitanda amelipakata lile jembe kama mtoto. Baba, ambaye ndiye mwanawe, akamwuliza, "Mama, nguo ziko wapi?"

"Nguo zinaota?" akajibu Bibi.

Nikaambiwa nilale naye. Mwanzoni sikupenda, nasema ukweli. Kitanda changu ni chembamba na Bibi ana viwiko. Lakini mimi ni mtu wa aibu sana. Wageni wakija kwetu naingia jikoni na kukaa humo mpaka waondoke, na Mama huniletea chai kama vile mimi ndiye mgeni. Kwa Bibi sikuweza kujificha, maana alikuwa upande wa pili wa shuka. Nikajikuta naongea. Akaanza kuniita mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, ingawa babu alishafariki kabla sijazaliwa. "Mume wetu ametuachia kazi yote," alikuwa akisema, "akaenda kupumzika."

Kabla ya wiki kwisha nilikuwa sitaki aondoke. Yeye alikuwa hataki kukaa.

Nieleze kwa nini, maana watu wa mjini hudhani mafuriko yakija mkulima anakimbia tu. Kwao Bibi shamba linapandwa mto ukirudi. Maji yanapojivuta nyuma yanaacha tope jeusi, laini kama uji, na mtu hupanda akiyafuata: leo mstari huu, keshokutwa ule wa chini yake. Ukichelewa, jua linalipasua lile tope, linakuwa vigae. Kwa hiyo kila siku Bibi aliyokaa kwetu ilikuwa ni siku ya kuwaza, maji yamefika wapi? Alikuwa hakai chini. Anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Anakwenda hadi langoni, anarudi, anashika jembe, analiegemeza tena ukutani. Ukimtazama na wewe miguu inakuwasha. Shule zilikuwa zimechelewa kufunguliwa kwa sababu ya barabara, mimi niko kidato cha tatu, sina pa kwenda, basi tukawa wawili tunaozunguka ile nyumba kama kuku kabla ya mvua.

Baba alisema hapana. Ukuta mmoja wa nyumba ya Bibi umeanguka, mamba wamesogea karibu na watu, na kifua chake kinapiga filimbi. "Ungoje kila kitu kikauke, Mama."

"Kikikauka nitapanda wapi? Juu ya vigae?"

Mama ndiye aliyepata njia. Mama yangu haijui sana bustani, yeye ni mtu wa kuoka. Anaweka sufuria juu ya jiko, mchanga chini, chombo cha unga ndani, kifuniko, halafu makaa juu ya kifuniko, na hapo hafungui wala hachungulii, ananusa tu. Mkate wa kumimina, mkate wa ngano, keki ya Jumapili, vyote kwa pua. Akamwambia Bibi, "Mama, tukuwekee magunia ya udongo hapa uani. Upande mchicha, bamia, kunde. Uwe na shamba lako mpaka mto utulie."

Bibi akayaangalia magunia kama mtu anayeonyeshwa mchumba asiyemtaka. "Shamba la kusimama," akasema. Lakini baadaye, tunachambua mchele, akatoa neno lake. "Mchicha ukiota hapa mtu akaula, nitakaa mpaka mnichoke. Usipoota, asinishike mtu."

Baba akakubali. Mama akakubali haraka zaidi. Mimi sikuulizwa, lakini nilikubali kuliko wote.

Samadi kavu tulipewa na mama wa maziwa, mfugaji Muorma, ambaye hutuletea maziwa kila asubuhi. Maji ndiyo yalikuwa kazi. Mafuriko yalikuwa yamevunja bomba, mfereji wetu unakohoa hewa tu. Palikuwa na kisima cha mtaa, na maji yake yana chumvi. Si ya bahari, lakini ukinywa unajua. Na palikuwa na maji ya mto, yanayoletwa na mkokoteni wa punda, ambayo yakitulia udongo unazama na yanabaki matamu. Kwetu yalikaa mapipa mawili. La buluu ni mto, la kunywa na la magunia ya Bibi. Jeusi ni kisima, la kufulia, kuogea na la unga. La unga ndiyo, maana Mama tangu aolewe Garsen anakanda ngano kwa maji ya kisima na hatii chumvi. Chumvi imo tayari. Mkono wake umezoea hivyo, kopo la chumvi liko juu kabisa ya kabati na lina utando wa buibui.

Mchicha ukaota. Kunde zikaota zimebeba maganda kichwani kama kofia. Nilikuwa naenda kuziangalia kabla ya kupiga mswaki. Siku moja nilimwona Bibi akigusa gunia kwa kiganja, vile unavyogusa mtoto mwenye homa iliyokwisha kushuka, nikajiambia, anakaa huyu.

Halafu mama wa maziwa akaleta habari.

"Bibi, maji nashuka," alisema kwa Kiswahili chake cha wafugaji, bado hajatua kibuyu. "Ng'ombe yetu imeenda chini jana. Nyasi iko."

Bibi akasimama. Wafugaji hawasemi uongo juu ya nyasi. Ng'ombe wao wanafuata maji yakirudi kama sisi tunavyoyafuata kwa mbegu. "Maji yamefika wapi?"

"Karibu na kwako."

"Ng'ombe wako wakila mahindi yangu nitakuja kukamua hapo kwako bure mwaka mzima."

"Mahindi gani, Bibi? Wewe nalala mjini, nakula mkate! Mahindi bado hata mbegu."

Wakacheka wote wawili, wakapigana viganja. Mama hakucheka. Alichukua maziwa yake akaingia ndani, na sufuria ikasikika ikiwekwa chini kwa nguvu.

Kuanzia hapo Bibi alinivuta kila mchana twende hadi kwenye barabara ya juu, ile iliyoinuliwa, tukaangalie. Ananyoosha mkono: unaona ule mti? Jana maji yalikuwa kiunoni mwake, leo yako magotini. Jua kali, mimi nimejifunika leso usoni nisisalimiwe na watu. Najibu naona, na moyoni nauambia ule mti uzame tena. Niliuombea mti mafuriko. Sijui kama ni dhambi.

Wakati sisi tuko barabarani, Mama alikuwa nyumbani na yale magunia. Alituambia mwenyewe baadaye. Aliona majani yamelegea kwa joto la mchana, akaogopa. Akataka kuyanywesha zaidi, yakue upesi, mchicha uliwe kabla Bibi hajabadili nia. Lakini kumwaga maji ya mto ardhini saa sita, wakati hayo hayo ndiyo ya kunywa, mkono ulikataa. Mtu wa mji wetu maji matamu anayaweka kwa watu kwanza. Basi akachota pipa jeusi. Kila mchana tukitoka, kopo hadi kopo.

Asubuhi moja nilikuta kingo za majani zimekuwa kahawia, zimejikunja kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Kunde zimelala. Nikakimbia kumwita Bibi, kisha nikajuta kumwita, lakini alikuwa ameshafika. Hakugusa majani. Aliingiza kidole kwenye udongo, akakiweka ulimini.

"Chumvi," akasema.

Mama alikuwa mlangoni na upawa. Alitazama gunia, akatazama pipa jeusi, akaketi kizingitini palepale. "Ni mimi, Mama," akasema. "Nilitaka yakue."

Bibi hakumjibu kwa ukali. Kumbe ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Ulinitakia heri, mwanangu," akaenda akachukua jembe lake, akaanza kulisugua kutu kwa jiwe. Sauti ile, kwaru, kwaru, ilijaa nyumba nzima. Sikuweza kukaa chumbani, sikuweza kukaa uani. Nilikwenda jikoni, ndipo pangu, nikamkuta Mama akikanda mkate. Macho mekundu, mikono inakwenda mbio. Akaniambia, "Leo mkate wa Bibi ni kwa maji matamu. Pipa lile lingine sitaki hata kuliona." Nikaona amechota la buluu. Mimi nami sikuwaza lolote, akili yangu ilikuwa kwenye ile sauti ya jiwe.

Makaa juu, makaa chini. Ulitoka mkate ambao sijawahi kuuona kwetu, umeinuka, rangi ya asali, harufu yake ilimleta Baba kutoka kwenye pikipiki anazotengeneza, mikono bado ina grisi. Tukaketi mkekani. Mama akakata, akampa Bibi kipande cha kwanza kwa mikono miwili.

Tukatafuna.

Tukaendelea kutafuna. Ulikuwa kama kula pamba safi. Baba alinitazama, nikaangalia chai yangu. Akasema, "Umeumuka vizuri," halafu akanywa chai nyingi kwa pamoja. Mama akaonja chake. Nikamwona anaacha kutafuna, anahesabu kichwani: maji ya mto, mkono usiojua chumvi, kopo lenye utando wa buibui.

Bibi akameza. Akajifuta mdomo.

"Mkamwana wangu," akasema, "chumvi ya mkate umeipeleka kwenye mchicha."

Mama akapasuka. Alicheka mpaka akalalia mkeka, akalia humohumo ndani ya kicheko, na Bibi naye kifua kinapiga filimbi kwa kucheka, anampiga Mama mgongoni, "Basi, basi, utazaa!" Nikadhani tumesamehewa. Nikadhani kicheko kile kimemfunga Bibi kwetu kuliko mchicha.

Bibi aliposhusha pumzi akasema, "Keshokutwa naondoka."

Baba akaweka kikombe chini. "Mama, peke yako hutakwenda."

"Tulikubaliana hapa hapa. Au neno lako limekosa chumvi nalo?"

"Nakumbuka. Lakini ukianguka topeni, nani atakuinua? Mimi nina pikipiki za watu. Huyu mkamwana wako ana nyumba."

Nilisikia mtu akisema, "Mimi." Ilikuwa sauti yangu. Waligeuka wote, kana kwamba kuku ndiye aliyesema.

"Wewe?" Baba aliuliza. "Wewe hata dukani unapitia njia ya nyuma usikutane na watu."

"Kule hakuna duka," nikasema.

Masikio yalikuwa yanawaka. Kama angeniuliza swali la pili ningekimbilia jikoni. Lakini Bibi alishaingilia. "Mmemsikia mke mwenzangu. Mtafutieni mabuti."

Mabuti hayakupatikana, nilikwenda na ndara na zikamezwa na tope siku ile ile ya kwanza.

Tulifikia kwa jirani wa Bibi ambaye nyumba yake iko juu kidogo. Nyumba ya Bibi niliiona kwa mbali, ukuta mmoja haupo, kitanda kinaonekana ndani kama mtu aliyekutwa anaoga. Bibi hakuiangalia mara mbili. Alishuka moja kwa moja hadi maji yalipoishia, akachomeka kijiti pale ukingoni, akakunja leso, tukaanza. Yeye anatoboa tope kwa ncha ya fimbo, mimi naangusha mahindi, nafunika kwa dole gumba la mguu. Nyuma yetu jua tayari lilikuwa limeanza kuchora nyufa kwenye mistari ya juu ambayo tulichelewa. Aliiona. Alisema tu, "Hiyo ilikuwa ya wakati wa magunia," akaendelea kutoboa, nami nikainamia mbegu zangu, maana hiyo mistari ndiyo zile siku nilizouombea mti uzame.

Shule inafunguliwa wiki ijayo, Baba amepiga simu kwa jirani. Kila nikiangusha mbegu nafikiria hesabu za muhula na nani atamfunikia mistari ya chini nikiondoka. Nilimwuliza Bibi imebaki mingapi. "Yaulize maji," akasema. Sipendi majibu yake ya namna hiyo.

Mchana tulipanda juu kwenye ukavu tukafungua kifurushi cha Mama. Mkate mzima, umefungwa kwa kitambaa. Bibi akamega, akatia mdomoni, akafumba macho. Nikamega changu. Yarabi! Mama alikuwa amerudi kwenye pipa jeusi kama alivyozoea, na kwa hofu ameliteremsha lile kopo la juu ya kabati pia.

"Huyu sasa amenilipa na deni la juzi," Bibi alisema, akakohoa. "Lete maji."

Tuliula wote. Kipande, maji, kipande, maji, tukicheka kila tukikunja uso. Sijui kwa nini hatukuwapa kuku, walikuwa pale wanangoja. Kisha Bibi akatazama kule chini kwenye kijiti. Maji yalikuwa yamekiacha, tope jipya linang'aa, na hata makombo hayajanitoka mdomoni ameshika fimbo.

"Inuka," akasema. "Yanakwenda."