Hodi kwenye Nyumba ya Picha

Kwenye hoteli ninayofanya usafi, hapa Al Sadd ughaibuni, kuna korido ndefu yenye picha za kale za Japani. Zilipigwa nyeusi na nyeupe, kisha mtu akazipaka rangi kwa brashi, moja moja. Ninayoipenda mimi ina nyumba ya mbao kando ya bwawa, milango yake imeachwa wazi, na mti mbele yake umechanua. Mpakaji aliteleza mkono: rangi ya maua imevuka matawi ikaingia angani.

Kila asubuhi, kabla sijapitisha kitambaa kwenye kioo chake, nasema, "Hodi, hodi." Kwetu Unguja hushiki mlango wa mtu hivi hivi.

Siku moja mwenzangu wa zamu, Mkenya, alinisikia, akacheka mpaka akaegemea toroli la mashuka. "Aki wewe! Hapo hakuna mtu. Hata hizo rangi ni za kupakwa tu."

Nilikasirika. "Na hiyo midomo yako, ulizaliwa nayo nyekundu?"

Akaenda zake, bado anacheka. Nje jua lilikuwa limeifanya barabara nyeupe. Mimi nilibaki mbele ya bwawa la kijani, nikahisi ubaridi wa mbao chini ya nyayo, kana kwamba viatu nimevivua kizingitini.

Kwetu hodi hupigwa mara tatu. Isipoitikiwa, mgeni hugeuka akarudi alikotoka.

Pale mimi hupiga mbili tu. Ya tatu naiweka akiba.