Mashine Isiyojua Kufuta

Ukitaka kujua mume wangu amepita wapi katika mji huu, soma kuta. Zahanati, kinyozi, duka la vipuri, hata choo cha sokoni kilichoandikwa WANAUME kwa herufi za heshima kuliko wanaume wenyewe, zote ni kazi yake. Watu wanamwita Brashi. Mama yake mzazi naye alimwita Brashi mpaka anafariki. Lakini mlangoni kwetu hapakuwa na bango. Palikuwa na maneno mawili ya chaki, NAANDIKA MABANGO, ambayo mvua ikiyala yeye anayarudishia. Kinyozi hajinyoi, nilikuwa namtania, ila kinyozi angalau ana kioo.

Tunafanya kazi chumba kimoja, yeye na rangi zake, mimi na cherehani yangu karibu na dirisha. Kwa hiyo niliuona mkono wake kabla yeye hajakubali kuuona. Ulianza kutetemeka alipokuwa anavuta mkia wa herufi g. Ile g yake ina mkia mrefu unaopita chini ya neno zima, na wapo wateja waliokuja kwa ajili ya huo mkia tu. Siku hiyo ulipinda njiani. Akaufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akavuta tena, ukapinda tena. Akasema brashi imechakaa. Brashi ilikuwa mpya, niliinunua mimi.

Daktari alisema ugonjwa wenyewe hauna haraka, lakini haurudi nyuma. Ndipo tukanunua kompyuta na mashine ya kukata stika. Unachora herufi kwenye kompyuta, mashine inaikata, wewe unabandika. Mume wangu alikuwa na shabaha moja: kuzichora herufi zake zote humo ndani, kubwa na ndogo, kabla mkono haujamsaliti kabisa, ili hata akishindwa kushika brashi mabango yaendelee kuwa yake. Akapata na kibao cha kuchorea chenye kalamu yake. Hakuwa na wazo lingine, asubuhi hilo, jioni hilo.

Kabla hajachora hata mstari, vita vikaanza kuhusu mfumo wa kuendeshea kompyuta. Upande mmoja alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, fundi kompyuta wa ofisi kubwa, mtu anayetembea na funguo nyingi kuliko milango aliyonayo. Upande wa pili binti yetu, ambaye kompyuta ndiyo anayosomea chuoni.

"Kaka, weka mfumo wa kulipia," shemeji alisema. "Ndio uliopo kila ofisi. Ukisumbua, una wa kumuuliza. Na mashine yako ya stika inaujua tayari."

"Baba mdogo, huu wangu ni huria," binti akasema.

"Yaani wa bure," nikadakia.

"Si bure, mama. Bure ni bei. Huria ni kwamba ukitaka kuufungua na kuutengeneza upya, hakuna wa kukukataza."

"Na nani humu ndani anataka kuufungua?" shemeji akauliza, akatutazama mmoja mmoja, hata mimi na sindano zangu.

Tukauweka wa binti. Nisiseme uongo, sababu haikuwa utaalamu. Mume wangu hajawahi kumkatalia yule mtoto kitu, na mfumo wenyewe ulianza kusema Kiswahili pale pale ulipowashwa. Shemeji aliondoka bila kumaliza chai. Mashine ya stika ilikataa kuutambua mfumo huo kwa siku nyingi, binti akashinda chini ya meza na nyaya, mimi nikaanza kumkumbuka shemeji kwa mema. Mwishowe ikakubali.

Mume wangu akachora. Herufi moja ilimla asubuhi nzima, maana alikuwa anasubiri dakika ambazo mkono umetulia, anavuta, anaacha, anasubiri tena. Nilijifunza kutokanyaga cherehani dakika hizo. Zilipobaki herufi chache tu, akaona doa pembeni ya g, nukta ndogo iliyotokana na kalamu kuteleza.

Sasa uelewe. Kwa mtu aliyeandika kuta maisha yake yote, kufuta ni kupangusa. Unafuta kosa, ukuta unabaki. Kwa hiyo akaigusa folda, ule mfuko wa kompyuta uliobeba herufi zake zote, akaona neno Futa, akabonyeza. Mashine ikamuuliza, "Una uhakika unataka kufuta?"

"Ndiyo, nina uhakika," akaijibu kwa sauti, kama alivyozoea kuijibu, akabonyeza tena Futa, si Ghairi iliyokuwa pembeni. Folda ikatoweka. Akadhani imekwenda kupanguswa, itarudi. Akangoja. Wakati anangoja, akaona lile pipa la taka la kwenye kioo cha kompyuta lina vitu, na kwa kuwa hajawahi kulaza takataka dukani kwake, akalimwaga.

Binti alirudi akatafuta kila mahali. Mume wangu amesimama nyuma yake, ameshika kalamu.

"Baba, hazipo."

"Niliiambia ifute doa," akasema. "Doa tu."

Akatoka akasimama mlangoni, ametupa mgongo. Nilikuwa na hasira na mashine, na binti yangu, na kidogo, Mungu anisamehe, hata na Yeye aliyeuleta ule ugonjwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na mkono uliozichora zile herufi haukuwa tena ule ule.

Shemeji alikuja na mfumo wa kulipia, ameununua yeye, zawadi kwa kaka yake. "Nilisema" alilitamka mara moja tu, na kwa mtu kama yeye huo ni uungwana. "Huu nikiufunga nautegesha uwe unaweka nakala wenyewe," akasema. "Hili lisingetokea." Binti akainamisha kichwa. Lilikuwa jambo la kweli.

Mume wangu akakaa. "Wako una Kiswahili?"

"Unacho, kaka."

"Pale pa kufuta unasemaje?"

"Unasema Futa. Si ndilo neno?"

"Nikitaka useme kingine?"

Shemeji akacheka kidogo. "Waliouunda ndio wameliweka, kaka. Sisi tunazoea tu."

Akamgeukia binti. "Na wako?"

"Wangu nitaweza kulibadilisha, baba. Itanichukua muda, lakini nitaweza."

"Basi andika Tupa. Mtu akiambiwa tupa, anashtuka, anatazama ameshika nini." Akafikiri. "Na pale pembeni paliposema Ghairi?"

"Hapo ni kama umebadili nia."

"Mimi nia nilikuwa nayo moja tu. Andika Niachie." Kisha akamgusa shemeji begani. "Na hizo nakala zako, mfundishe mwenzako aziweke humo humo."

Shemeji aliutazama ule mfumo aliouleta, akaurudisha kwenye mkoba. Akavuta kiti karibu na binti. Siku hiyo chai aliimaliza.

Binti aliwaandikia pia wale wanaoutafsiri mfumo, akiwaomba wabadilishe neno kwa watu wote. Wakamjibu kwa adabu kwamba Futa limeshazoeleka, wakilitoa watawachanganya wengi.

"Wako sahihi," mume wangu akasema. "Kwao."

Tukaanza upya. Nasema tukaanza, maana safari hii mkono ulikuwa hauna tena dakika za kutulia. Niliacha cherehani, nikakaa kulia kwake, nikamshika kifundo cha mkono. Kazi yangu ni kuongoza kitambaa chini ya sindano bila kukivuta, kwa hiyo nilijua: ukivuta, umeharibu. Anakwenda, nakwenda naye. Hatukuwahi kushikana mikono muda mrefu hivyo tangu tuoane, na tulikuwa tunagombana kila herufi. Mkia wa g ulitoka mfupi kuliko ule wa kwanza, na mwishoni una kipindo ambacho si chake wala si changu.

Stika ya kwanza kuikata kwa herufi hizo hakuniambia ni ya mteja gani. Niliposoma kwenye kioo, nikaona TUNAANDIKA MABANGO.

"Herufi mbili za mwanzo zimezidi," nikamwambia. "Mlangoni ni naandika. Zifute."

"Mashine hii haijui kufuta, mke wangu."

"Basi zitupe."

Akaweka mkono wake unaotetemeka juu ya wangu, hakuondoa macho kwenye kioo.

"Niachie," akasema.

Nikaenda kuazima ngazi.